Neno la Kifisi Ulilomvika Sesilia

Mpendwa bibi,

Shikamoo huko uliko. Usiharakishe kuitikia marahaba, maana leo sikuandikii kwa amani.

Unamkumbuka Sesilia, yule mkimbizi aliyetoka kambini kuja kutulimia Bugarama, ukampa kibanda kando ya migomba? Mimi namkumbuka alivyokuletea kibuyu cha rubisi kukushukuru. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Sesilia hakuonja. Ulikimwaga kibuyu chote mbele yake.

“Sinywi, mama,” alisema. “Niliweka nadhiri mpaka nimpate mume wangu aliyepotea.”

“Nadhiri gani hiyo! Huyu ni mwanamke wa kifisi.”

Nilipokuuliza maana yake ulinivuta karibu. “Fisi anakula hata mfupa, mjukuu wangu. Ukimwona amekataa nyama, jua ina sumu.” Kufikia Jumapili neno lilikuwa limefika kisimani na kanisani. Watoto walimzomea Sesilia, na wewe ukamwambia afunge mkeka wake aondoke.

Neno lako halikufa, bibi. Hapa Nyakanazi ninapouza chakula, jirani yangu ni mama kutoka Burundi. Juzi dereva mmoja wa lori alikataa ugali wake, akasema ni chakula cha kifisi, na wenzake wakahamia kwangu. Binti yangu akaniuliza neno hilo limetoka wapi. Nikaanza kumsimulia habari za kibuyu, kwa maringo kabisa, kisha nikakwama katikati.

Nilikumbuka siku za kuvuna maharage. Sisi tulipokunywa rubisi, wewe mwenyewe ulimpa Sesilia uji. “Wewe chukua huu,” ulimwambia. Ulijua hanywi! Ulijua muda mrefu kabla ya kile kibuyu.

Sasa kila kitu nakitazama kwa jicho la pembeni. Kwa nini babu alikiezeka kibanda cha Sesilia nyasi mpya, wakati nyumba yetu ilikuwa inavuja? Kwa nini Sesilia alipoondoka, babu alikataa chakula na wewe hukumbembeleza? Labda hapakuwa na lolote kati yao. Labda. Lakini lisemwalo lipo, na lisilosemwa nalo naanza kuliogopa.

Nakupenda, bibi, na sikuamini tena. Inaniuma kuyasema yote mawili kwa pamoja. Sesilia alishika njia ya kambini peke yake, mvua inanyesha, na mpaka leo hakuna aliyeniambia kama alifika.

Pumzika, kama unaweza.

Mjukuu wako uliyemlea