Ile Wanayoiita Fujo

Mjukuu wangu Sumaya,

Salaam nyingi kutoka Mabela. Sote hatujambo, mamako kashahamia nyumba mpya, na babu yako bado anagombana na goti lake.

Umesoma huko Uingereza historia ya jumba la opera la mji wetu wa machimbo, kule bara nilikozaliwa, kwamba wenyeji tulifungiwa milango kwa sababu ya fujo. Ati waniuliza, "Bibi, mlifanya fujo gani?"

Fujo! Chai yangu imepoa kwa hasira.

Jumba lile wenye mgodi walilijenga wasikilize nyimbo za kwao. Jumapili moja alasiri tukaruhusiwa sisi kupiga taarabu, na mwimbaji alikuwa mamaangu. Wimbo ulipokolea, wanawake tukainuka, tukaenda jukwaani tukicheza kumtunza, kama ifanywavyo kila penye taarabu. Mimi nilishika leso mpya nimfunike mabegani. Meneja wa jumba kazowea watu wakae kimya mpaka mwisho, ndipo wapige makofi. Kutuona twaja, akadhani twamvamia mwimbaji! Akazima taa, akaita askari, tukasukumwa nje. Hakumuuliza mtu hata mmoja, wala mamaangu mwenyewe. Hatukuingia tena.

Na leo wanaiandika kuwa ni historia!

Waandikie, mwanangu. Waambie bibi yako alibakisha hatua tatu tu amfikie mama yake. Leso ile nnayo kabatini, na mpaka leo hajaivaa mtu.

Bibi yako,
mfanya fujo