Mahubiri Niliyowatungia kutoka Kamembe

Kamembe, Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za mtoto kwa mzazi wake. Goti linaendeleaje? Bado unapanda kile kilima cha kanisa kwa fimbo, au hatimaye umekubali Feza akushike mkono? Mimi mwili wangu ni mzima, ugali na dagaa wa sambaza havijapungua. Barua hii naipitisha kwa yule mfanyabiashara wa vitenge anayeshuka Uvira kupanda meli ya Kalemie. Bahasha nimeishona kwa uzi pande zote nne ili asiisome njiani. Utaelewa kwa nini.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi sana kwamba mtoto wa Feza atabatizwa Pasaka, na kwamba dada yangu amenichagua mimi niwe baba wa ubatizo. Ukaandika: "Padri anataka karatasi ndogo tu kutoka shirika lako la kusali la huko, iseme unasali pamoja nao." Karatasi ndogo tu.

Sina shirika. Huu ni mwaka wa tatu niko Kamembe, na kanisani nimeingia Jumapili moja.

Tafadhali usiikunje barua, endelea kusoma. Jumapili ile ya kwanza nilikwenda kweli. Misa yote ilikuwa kwa Kinyarwanda, na mimi wakati ule sikujua hata neno la kuombea maji. Watu walipokaa, nilisimama. Walipopiga magoti, nikakaa. Wimbo mmoja niliufahamu, ni ule tunaouimba kwetu, ila maneno yalikuwa mengine, nikabaki kinywa wazi huku watoto wa benchi la mbele wakigeuka kunitazama. Nikatoka kabla ya komunyo. Nilijiambia nitarudi nikishajua lugha. Lugha nimeijua siku nyingi, na sikurudi.

Lakini wewe kila barua ulikuwa unauliza, "Unasali?" Nami najibu ndiyo. Uongo haukubali kukaa peke yake, Mama. Ukauliza padri wa huku anahubiri nini, ikabidi nikutungie mahubiri. Hata hapa dukani ikabidi nidanganye. Mzee Hamisi, fundi mwenye duka ninaposhonea, ni Mwislamu wa kweli. Akisikia adhana anaondoa mguu kwenye cherehani hata kama kola imebaki nusu. Niliona haya ajue kwamba mimi siendi popote. Basi kila Jumapili nilivaa shati langu jeupe, nikamuaga, nikaanza kuzunguka mtaa wa Gihundwe, juu na chini, mpaka nione watu wanatoka misani. Hapo narudi katikati yao kama mmoja wao. Mvua ikinyesha, nasimama kwenye baraza za watu. Sijawahi kufungwa, lakini nadhani mfungwa naye huzunguka hivyo hivyo uani.

Na yale mahubiri unayoyapenda, yote ni maneno ya Mzee Hamisi. Yeye akishona huongea, na mimi nilikuwa naokota. "Uzi ukikatika usivute nguo, rudi pale ulipokatikia." Nikakuandikia kwamba padri ndivyo alivyosema. Sikujua kwamba ulikuwa unawasomea akina mama wa shirika lenu! Uliponiandikia kwamba Mama Sikujua, jirani yetu, alisikia maneno hayo akaondoka palepale kwenda kumsalimu dada yake ambaye walikuwa hawasemezani tangu ugomvi wa shamba la mihogo, nilitoka nje nikaacha cherehani. Nikisema kweli, je, si ninawaharibia ndugu wale wawili? Nikinyamaza, ninaoza. Nilikaa katikati hapo miezi na miezi. Nakula nashiba, Mama, lakini kuna njaa ambayo ugali hauigusi, na mbaya zaidi ni kwamba nilikuwa nawalisha wengine huku mimi mwenyewe sionji.

Barua yako ilipofika nilifanya upumbavu. Nilimwomba Mzee Hamisi aniandikie ile karatasi, kwa kuwa hati yake ni nzuri.

Alisimamisha cherehani. "Miye? Nikuandikie karatasi ya kanisa?"

"Unanijua, Mzee. Andika tu kwamba mimi ni muntu wa kusali."

"Sasa weye, kila dimanche unavaaka ile chemise mweupe. Ulikuwa unaendaka wapi?"

"Nilikuwa natembea."

"Unatembea tu?"

"Natembea tu, Mzee."

Nilidhani atacheka, au atanifukuza. Alisema, "Miaka mitatu unashona fasi moja na miye, na sikujua uko na shida hii. Batu ya kanisa yako njo bataandika. Enda kwa bo." Kisha akarudi kwenye kola yake.

Nilikwenda kwa watu wa kanisa, kama alivyosema. Kiongozi wa shirika la mtaa wetu ni Maman Vestine, mkunga, mama mwenye macho yasiyopepesa. Nilimweleza kila kitu, hata mizunguko ya Gihundwe. Akaniambia, "Shati yako tunaijuaka. Tulikuwa tunajiulizaka huyu anasalia wapi." Kumbe miaka yote ile nilijificha mbele ya macho ya watu! Nikamwomba karatasi. Akakataa. "Hatuandikake muntu mwenye hatujue. Kuya kwanza, ukae na siye. Mwaka ukiisha, tutaandika." Nilimwambia Pasaka iko karibu na dada yangu ananingoja. Akasema mtoto asingoje, na mimi nisikimbie.

Kwa hiyo, Mama, mwambie Feza atafute baba mwingine wa ubatizo. Najua atalia, na najua ataniita jina baya. Ana haki. Mlango huo nimejifungia mwenyewe.

Jumamosi nilikaa nao, nyumbani kwa Maman Vestine, kwenye mkeka karibu na mlango. Zamu ya kusali ikazunguka, ikanifikia, nikatikisa kichwa. Maman Vestine akasema, "Sali na luga ya mama yako." Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "utusamehe makosa yetu" sauti ikakatika. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Walinisubiri, kisha wakaimalizia kwa Kinyarwanda, polepole, mimi nikiwa nimeinama tu.

Nisalimie Feza na mumewe. Mjomba Kabila-mbili, anayetengeneza nyavu, mwambie sijasahau viatu vyake. Mama Sikujua msalimie kwa mikono miwili. Ukiona inafaa, mwambie yale maneno ya uzi ni ya mzee mmoja Mwislamu anayeshona sare za shule. Ukiona haifai, yaache, nitamwambia mwenyewe siku nikifika.

Umeniuliza katika kila barua kama ninasali. Leo nakujibu bila kuongeza neno.

Mimi mwanao Anselme, ambaye amesali mara moja.