Reli Nyembamba Uliyonichapia

Baba mpendwa,

Naandika mpendwa kwa sababu barua huanza hivyo. Ningejiachilia, ningeanza na matusi.

Unakumbuka ile stoo yetu hapa Eldoret? Uliijaza treni ndogo za mfano za Uingereza alizokuachia yule injinia mzungu mliyefanya naye kazi relini. Mtu akizigusa, kofi. Nilikuwa nimetoka tu shule uliponituma niagize reli mpya kwa mtandao. Nikachagua nyembamba, ya chuma kifupi, maana kwa picha ilifanana kabisa na reli ya huko kwao. Kumbe magurudumu ya injini zako za zamani yana ukingo mrefu! Yaligonga mataruma, zile mbao za chini ya reli, njia nzima, na yalipofika kwa pointi, pale reli inapogawanyika, injini ikaruka ikaanguka sakafuni.

Ulinichapa na reli hiyohiyo. Jino langu likabaki kwa simiti. Mama akaingia katikati, "Baba Nasimiyu, utaua mtoto!" Ukamsukuma, kichwa chake kikagonga meza, damu ikamshuka mpaka kwa kola. Hapo nikachukua nyundo. Sikukugusa, ingawa Mungu anajua nilitaka. Nilivunja pointi zako zote, moja baada ya nyingine, ukiniangalia. Na ukalia, Baba. Damu ya mke wako haikukutoa machozi, ukalilia pointi! Hatukuongea tena mpaka tulipokuzika Turbo.

Treni zako ziko kwangu sasa, na safari hii nimechagua vizuri. Reli ni nene, magurudumu yanapita bila kugonga kitu. Pointi ni ndefu, na chuma cha katikati kinabeba stima, ili injini ikienda polepole isizimike hapo. Kila kiungo nimekipitishia kucha vile ulivyonionyesha siku zile ulikuwa na roho nzuri. "Kucha ikikwama, gurudumu pia litakwama." Nilitaka tu uone kwamba kazi hii inawezekana bila kumwaga damu ya mtu.

Jumamosi mchana Nekesa, msichana wangu wa miaka sita, alivuta pointi moja kabla gundi haijashika. Ikapinda. Niligeuka na nyundo mkononi, na yeye alikuwa tayari chini ya meza, mikono kichwani.

Nimewaambia watu wote mimi simpigi mtoto. Lakini mtoto hawezi kujificha haraka hivyo kama hajazoea, Baba. Kuna kofi la Krismasi. Kuna lile la uji uliomwagika. Kuna mengine, na yote nimeyaita nidhamu, neno lako.

Niliweka nyundo chini, nikapiga magoti nikimbembeleza atoke. Wapi! Alitoka tu aliposikia sauti ya Mama mlangoni. Alinipita mbio bila kuniangalia usoni.

Tangu siku hiyo analala kwa nyanya yake. Nilipouliza nimchukue lini, Mama alikuja kuchukua sare yake ya shule.

Lala, Baba, kama huko uliko wanakuacha ulale.

Ni mimi, binti yako