Makemba Yenye Sambaza Tumboni

Esperance, ndugu yangu,

Mama yako alikuja jana! Alivuka daraja la Rusizi kutoka Bukavu kwa miguu yake, mwavuli mkononi, na ile sura yake ya kununa unayoijua. Tena hakuishia mlangoni. Alikaa sebuleni kwangu, kwenye kiti chako cha karibu na dirisha. Baba Idi amechoka kunisikiliza, sasa kila nikifungua mdomo anaikumbuka cherehani yake. Kwa hiyo nakuandikia wewe, mwenye haki ya kujua kuliko wote.

Lakini nisiruke. Tangu ututoke, binti yako Furaha yuko kwangu. Amekuwa mrefu, ananipita, anasoma sekondari hapa Kamembe, na anacheka kwa sauti yako ile ya kusumbua majirani. Ulinikabidhi ukiwa kitandani kwangu, malaria inakumaliza, mpaka wa Rusizi umefungwa na mizinga inasikika ng'ambo. Mama yako hakuweza kuja kukuaga wala kukuzika. Vita vilipotulia, maneno yakamfikia huko Bukavu: eti binti yake alikula kwa yule mwanamke wa Kamembe, ndipo akaanza kuumwa. Unaelewa walichomaanisha. Watu husema lisemwalo lipo. Esperance, hili halikuwepo, na lilinikata maini miaka yote hii.

Halafu majuzi akatuma salamu kwa wamama wa biashara ya mpakani. Anakuja kuona kaburi lako, na kumchukua mjukuu wake.

Kumchukua! Furaha aliposikia akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Mimi nililia, kisha nikafunga kitenge kiunoni nikaingia jikoni. Ningefanya nini kingine?

Nikakumbuka makemba, zile ndizi zetu za kupika. Si tulibishana wewe na mimi yajazwe nini, mpaka sauti zikakauka? Mimi na nyama yangu ya sambusa, wewe na sambaza zako, vile vidagaa vya ziwani, na mafuta ya mawese. Ulikuwa ukisema, "Makemba ni muntu mupole, anakubali batu bote." Tulitaka kuyajaza pamoja tuone nani mkweli, vita vikatuwahi. Basi nimeyajaza, rafiki yangu, na nimeyaweza!

Ya kwanza yalipasukia kwenye mafuta, karai likawa uji. Yalikuwa yameiva mno. Yanatakiwa yale yaliyoanza tu kuwa manjano, bado magumu ukiyabonyeza. Unayachemsha na maganda yake, unayaponda yangali moto, unatia unga wa muhogo kidogo, unaacha yapoe kabisa. Ndani nimeweka sambaza za kisiwa cha Nkombo, nimezikausha kwenye moto nikazisaga na vichwa vyake, pamoja na kitunguu, tangawizi na bizari ya sambusa, vile marehemu mama yangu alivyonifundisha. Pilipili ni kipimo chako, Mungu atusaidie. Unapaka mikono mafuta, unafinyanga, unaziba, unatumbukiza kwenye mawese. Nje tamu, ndani moto! Ukiuma unacheka peke yako. Ulikuwa sahihi kuhusu sambaza, nimekubali, usitambe sana huko uliko.

Nikayapanga kwenye sahani, nikamwekea mama yako mbele, nimejaa fahari. Akayatazama.

"Mule ndani muko nini?"

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Wewe unaijua desturi: mwenyeji huonja kwanza, mgeni akiona ndipo hula. Supu ya sufuria moja, ugali wa sahani moja, ukionja wewe umeonja kwa wote. Lakini kemba la kujaza! Kila moja lina tumbo lake limefungwa. Nile mimi hili, nani ajue lile lina nini? Kati ya vyakula vyote vya dunia, nilikuwa nimempa mtu anayenishuku sumu chakula kinachoficha ndani yake.

"Nilishakula kwetu," akasema. Akausogeza mwavuli wake karibu. Furaha alikuwa amesimama karibu na pazia, anauma kucha.

Nikapiga magoti, Esperance. Sikupanga, magoti yenyewe yalikwenda. Nikamwambia, "Maman, chagua wewe." Akanyoosha kidole, akaonyesha lile la chini kabisa. Nikalitoa, nikalimega katikati mbele ya macho yake. Nusu nikaitia mdomoni, nusu nikaiweka kwenye kiganja changu nikamnyooshea. Akanitazama ninavyotafuna mpaka nikameza. Kisha akachukua.

Alitafuna polepole.

"Munyu kidogo," akasema. "Ongeza."

Chumvi! Mama yako alilalamika chumvi! Nilikimbia jikoni nikajigonga kwenye mlango, na sikusikia maumivu. Niliporudi alikuwa ameshashika jingine, zima, hakuuliza lina nini wala hakumngoja mtu.

Alipomaliza akafuta vidole, akauliza kitu nilichokuwa nakingoja tangu siku uliyotutoka. "Alikufa namna gani?" Nikamwambia yote. Vile ulivyokuwa unaomba maji, vile ulivyokuwa unamwita yeye, ukidhani mimi ni yeye, na mimi nikaitika. Tulilia pamoja, hata pilipili ikasingiziwa. Kisha tukaja kaburini kwako, sisi watatu. Kwenye mteremko alinishika mkono. Nadhani ulituona, lakini sikuwa na subira ya kudhani tu, ndiyo maana naandika.

Na Furaha? Mama yako alisema, "Mutoto abakie hapa amalize masomo. Lakini vakansi ni yangu." Nilijibu ndiyo, likizo zote aende kwake, kabla hajafunga mdomo. Furaha alirukaruka na urefu ule wote, akavunja kikombe.

Nakukosa, Esperance. Siku ya jana ingekuwa nzuri zaidi ukiwa umekaa pale unagombana nami kuhusu tangawizi.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Nakuahidi hivi. Tangu vita sijathubutu kuvuka kwenda Bukavu, naogopa, siwezi kukuficha. Lakini shule zikifungwa nitamsindikiza Furaha mimi mwenyewe mpaka nyumbani kwenu. Mama yako amesema atanipikia. Nitakaa kwake, nitakula chochote atakachoniwekea, na sitamngoja aonje kwanza.

Wako,
Mama Idi