Marehemu wa Vidole Sita

Ijumaa, 13 Juni

Kesho msako. Shule ya watoto ndiyo imeupanga: kila familia inapewa karatasi ya vitu vya kutafuta mtaani, mnazunguka kwa miguu, mnapiga picha, mwenye alama nyingi anashinda. Bango la msako nimelichapa mimi pale dukani kwangu, kwa hiyo wiki nzima nimejiona mtu wa maana. Mezani nimewaambia watoto wasiwe na wasiwasi, jicho la baba yenu ndilo linalowalisha – herufi ikipinda kidogo tu, naiona. Kitinda, mwanangu wa mwisho, kauliza kama jicho hilo limeziona soksi nilizovaa. Moja nyeusi, moja kahawia. Mama watoto kacheka mpaka kijiko kikamdondoka.

Jumamosi, 14 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mlango wa bluu wenye kitasa cha kijani – tumeupata. Paka anayelala kwenye mizani dukani – tumempata, kakasirika. Kaka mtu, mwanangu mkubwa, mbele na simu ya mama yake, Kitinda na karatasi, mama watoto na chupa ya maji, mimi nyuma na kitambi changu. Kisha Kitinda akasoma: mkono wenye vidole sita. Alama za ziada mkijua nani aliuchora.

Nikamnyang'anya karatasi, nikaisoma mwenyewe.

Ni kibao cha kinyozi, nyuma ya soko. Nilikichora mimi. Enzi za makopo ya rangi, kabla ya kompyuta, kabla ya watoto. Mkono umeshika mkasi. Nikaenda kunywa chai katikati ya kazi, nikarudi nikaongeza kidole. Nilidhani mvua ilishakifuta zamani. Wapi! Kinyozi anakipaka vanishi kila mwaka.

Tulikuta familia nyingine zinapiga picha. Kaka mtu akasema aliyechora hapa hesabu alipata sifuri. Kicheko. Na mimi – nani alinituma? – nikasema labda alikuwa amelewa. Nikacheka kuliko wote.

Kitinda hakucheka. Alisema kile cha sita ndicho kizuri kuliko vyote, kimekunjwa kama kinamwita mtu.

Kinyozi akatoka, taulo begani. Alinitazama kichwani, akaona hakuna kazi, akanipita. Hakunitambua, mara ya mwisho nilikuwa na nywele. Kitinda akamwuliza mchoraji yuko wapi. Akasema hata yeye angependa kujua, maana watu walikuja kushangaa kidole wakabaki kunyolewa, na kijana mwenyewe hakurudi hata kupewa asante. Kitinda akanigeukia. "Baba, wewe si unawajua wachoraji wote?"

Wote wakaniangalia. Hapo ndipo ningesema. Mdomo ukasema, "Huyo? Alishafariki."

Kinyozi akavua kofia. Akakaa kwenye benchi la wateja. "Kijana yule," akasema. "Kijana yule jamani." Akauliza kama aliacha mke. Nikasema ndiyo. Mke mwenyewe kasimama hapo hapo na chupa yake ya maji. Yeye anajua, nilimposa nikiwa bado na rangi kwenye kucha. Kinyozi akamwuliza, "Shemeji, ulimfahamu marehemu?" Akajibu taratibu kwamba alimfahamu kidogo. Alikuwa mtu mzuri.

Njia nzima alitembea mbele yangu.

Jumapili, 15 Juni

Mjane kapika uji. Kauliza kama marehemu atakunywa. Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Watoto walipotoka akaniambia: mtoto alikuwa anakutetea wewe bila kujua, na wewe ukamzika huyo huyo anayetetewa.

Uji ulikuwa mtamu. Sikuumaliza.

Jumanne, 17 Juni

Mwalimu kaja dukani. Jumamosi, siku ya zawadi, watasimama kimya dakika moja kwa ajili ya mchoraji. Kinyozi ndiye aliyeomba. Wanataka bango. Akaniuliza jina la marehemu. Nikasema limenitoka. Basi andika tu Mchoraji Wetu, akasema, na akanishukuru kwa moyo wangu.

Nimelichapa. Herufi zimenyooka kabisa.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda kwa kinyozi nimwambie ukweli. Kibao kina kitambaa cheusi kwenye kona. Ndani wateja wamejaa. Akanikalisha, akaniambia, "Mzee, ile habari uliyoniletea inanikosesha usingizi." Nikafungua mdomo. Akaniomba niufunge, wembe uko karibu.

Nimerudi na ndevu zimetengenezwa vizuri sana. Hakutaka malipo.

Ijumaa, 20 Juni

Kitinda ndiye atakayesema maneno kesho, kwa kuwa hakucheka. Jioni hii katandaza karatasi kubwa mezani anachora ule mkono, autundike chini ya bango. Vidole vinamkatalia. "Baba, nisaidie."

Nikashika penseli. Nikachora vitano, nikaiweka chini. "Bado kimoja," akasema. "Chora kama yeye."

Nikachora. Hata sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, ukakikunja pale pale, ukakipa kucha ile ile fupi.

Kitinda alikuwa anatafuna kifutio. Akakitoa mdomoni. Akaangalia karatasi, akaangalia mkono wangu. Picha ya kibao iko kwenye simu ya mama yake. Kaenda kuichukua jikoni. Nasikia mama yake anamwuliza anaitakia nini.

Ningeweza kukifuta. Kifutio kiko hapa mezani, bado kimelowa.

Anarudi.