Sauti ya Mzee Valerian

Kalista, kaka yako Isdori katuua! Kafuta sauti ya mzee Valerian. YOTE.

Leo tunamaliza matanga hapa Matai. Spika imeshafungwa uani, wajukuu wamekaa mikekani wasikie maneno ambayo babu aliwaachia kwa Kifipa. Hellena, binti wa marehemu, akamwomba Isdori atoe kwanza nakala ya sauti iliyo kwenye kompyuta ya marehemu, maana kwenye simu ilishafutwa.

Isdori akachomeka flashi yenye skripti yake, zile amri alizoandikia laptop yake kule kwake Mazwi: ingia folda ya Isdori, futa vya zamani, nakili vipya. Kompyuta ya marehemu ina folda ya Isdori? Haina! Skripti ilipoikosa haikuacha, ikafuta palepale alipoiwashia. Kwenye folda ya sauti za mzee! Hakuandika hata amri moja ya kusema usipoikuta, simama. Hata moja!

Unajua alimwambia nini Hellena? "Dada, kwangu Mazwi ilifanya kazi."

Kalista, mbele ya mfiwa! Kwangu Mazwi ilifanya kazi!

Hellena hakupiga kelele. "Basi kaka, nenda Mazwi ukamlete baba."

Uani hawajaambiwa. Wanaiangalia spika.