Mchumba Kasema Nakula Nguruwe, na Baba Kasikia Redioni

Nyie mnaotumiana ile sauti ya fundi simu wa mtaa wa Isotry, mkicheka mpaka chai inawatoka puani, komeni. Tangu kile kipindi cha asubuhi kirushwe, kijana wa watu hafungui kibanda chake bila mtu kupita akimlilia kama nguruwe. Watu wazima! Wengine na wajukuu mnao! Hamna kazi? Tulieni msome barua ya mchumba wake, kisha mtaniambia wa kuchekwa ni nani. Na wewe binti uliyeiandika, usinyate kutoka nje. Nakuja kwako.

*

Nenibe, bibi yetu wa gazetini, shikamoo, nishike mkono maana nimechanganyikiwa mpaka jana nimetia chumvi kwenye kahawa ya baba, na baba akainywa yote bila kusema neno, na baba yangu akinyamaza hivyo ujue mambo yameharibika. Mimi natarizi vitambaa vya meza hapa Antananarivo, nina mchumba anaitwa Tahiry, fundi simu, mcheshi, hana ubaya na mtu, shida yake ni redio. Kibandani kwake redio inaamka kabla ya yeye mwenyewe, na kile kipindi cha habari za wasanii na maswali ya kujipima akili hakimpiti, kwa hiyo anajua kila kitu kuhusu Soazara, yule mwimbaji wa Toamasina, anajua kwamba analala na soksi, kwamba hagusi kitunguu saumu kwa ajili ya sauti yake, kwamba amemwacha mpiga ngoma wake wakarudiana akamwacha tena, na mimi nikikaa pale kibandani natarizi ananisimulia hayo yote kama vile Soazara ni shangazi yetu.

Basi juzijuzi kipindi kikatangaza shindano la wachumba, kila mmoja aulizwe juu ya mwenzake, zawadi sufuria ya umeme ya kupikia wali, tukaenda, ukumbi umejaa, mtangazaji Rivo akanivika vile vidude vya kuziba masikio nisisikie, akaanza kumuuliza Tahiry, mimi naona tu midomo inacheza na watu wanaangukiana kwa kicheko, nami kwa ujinga wangu nikawa nacheka nao. Yaliyosemwa nimekuja kuyasikia baadaye kwenye simu za watu. Rivo alimuuliza, "Haya bwana fundi, hili ni la bure. Mwiko wa ukoo wa mchumba wako ni nini?" Tahiry akajibu, "Hawana mwiko." "Hawana? Kuna Mmalagasi asiye na mwiko? Huyu mchumba ulimwokota wapi?" Na Tahiry, Nenibe, kwa furaha kabisa, "Huyu wangu anakula kila kitu! Kwa mama yangu alikula kisamvu cha nguruwe, akaongezwa, akamaliza!"

Nenibe, kwetu sisi nguruwe ni mwiko. Babu wa babu yetu alikimbia wavamizi akajificha zizini katikati ya nguruwe, nguruwe wakanyamaza wala hawakumfichua, akaapa kwamba uzao wake hautakula mnyama huyo mpaka mwisho wa dunia. Na asubuhi ile baba alikuwa sebuleni na majirani, aliwaita mwenyewe waje kumsikia mkwe wake akishinda sufuria.

Sasa hapa ndipo kichwa kinapozunguka, maana ni kweli nilikula. Siku ya kwanza Tahiry aliponipeleka kwa mama yake sahani iliwekwa mbele yangu, kila mtu ananitazama, nikamkumbuka dada yangu mkubwa ambaye alikataa nguruwe kwa wakwe zake, mama mkwe akatamka mbele ya wageni, "Kumbe hawa wanatuona sisi wachafu," na mpaka leo hawaivi chungu kimoja. Nikaogopa, nikala, na unisamehe Nenibe, kilikuwa kitamu, mama yake akaniongezea na mdomo wangu ukakataa kukataa. Sikumwambia Tahiry siku ile wala siku nyingine.

Tuliporudi na ile sufuria (kwa maana tulishinda, maswali mengine aliyapata) baba hakuitazama, akaniuliza tu, "Mwanangu, huyu kijana kasema kweli?" Nikasikia mdomo wangu unajibu, "Amekosea, baba. Akili yake iko kwa yule mwimbaji, alichanganya." Baba akasema, "Basi amewasingizia wafu wangu mbele ya nchi nzima. Jumamosi asilete posa hapa hivi hivi. Aje kwanza Ijumaa jioni, apige magoti, aseme kwa mdomo wake kwamba yeye ni mwongo, na msemaji wa ukoo wao awepo asikie. Akishindwa, hakuna ndoa."

Nikaenda kwa Tahiry ninalia, nikamweleza yote, mwiko na uongo na magoti, nikadhani atanifukuza. Akaweka bisibisi chini, akasema, "Kwa hiyo ukisema kweli, baba yako atakufanya nini?" Nikasema sijui. Akasema, "Basi nitapiga magoti mimi. Nimeshazoea kuchekwa," akarudi kukaza skrubu zake na redio inaimba.

Nenibe, sielewi. Mtu anayekupenda anakubali kuitwa mwongo kirahisi hivyo, au ni kwamba hajali, kila kitu kwake ni mchezo? Na mbona alijua soksi za Soazara asijue mwiko wangu? Na jicho langu la kushoto linacheza tangu siku ya kile kisamvu, je, ni mababu wananiita? Nivunje uchumba? Nimwache apige magoti yaishe? Nikimtazama baba naona haya, nikimtazama Tahiry naona haya, nikijitazama kwenye kioo jicho linacheza. Nishike lipi?

Mimi niliyechanganyikiwa.

*

Binti, umenipa maswali mengi ili lile moja lipotee katikati. Mimi nimelea watoto saba, siwezi kupotezwa hivyo. Shule niliacha mapema, lakini mtu anayeficha kitu chini ya kanga namjua kwa anavyotembea.

Tuanze na jicho, kwa sababu ndilo jepesi. Jicho linacheza kwa sababu hulali. Hulali kwa sababu umesema uongo. Mababu wakitaka kukuita hawatahangaika na kope.

Sasa Soazara. Unalalamika kwamba mwanamume anajua soksi za Soazara. Kwa nini asizijue? Soazara kila asubuhi anazisema! Anasema amekula nini, amemwacha nani, anaumwa wapi. Wewe umesema nini? Umekaa kibandani kwa kijana huyo miezi na miezi, sindano inaingia sindano inatoka, na jambo kubwa kuliko yote katika ukoo wenu hujampa. Halafu unamwonea wivu mwimbaji ambaye hata hajui kama mpo duniani. Juu ya safu yangu leo, kwenye kisanduku cha maajabu ya wanyama, wameandika kwamba pweza ana mioyo mitatu. Wewe unao mmoja tu na umeshindwa kuufungua.

Kijana aliulizwa, akasema alichokiona kwa macho yake. Alikuona umekula, umeongezwa, umemaliza. Alitaka aseme nini? Na bado alijisifu kwa ajili yako, masikini, kwamba mchumba wake hana madeko. Hilo ndilo watu wanalolicheka.

Nakuhurumia kwa ile sahani, nisiseme sikuhurumii. Msichana mgeni, macho yote kwake, mama mkwe na mwiko wake wa kupakulia mkononi, dada yake keshaumbuliwa kwingine. Ningekuwa mimi pia jasho lingenitoka. Na hapo sikulaumu peke yako. Wewe mama Tahiry, unayeweka nguruwe mezani kwa mgeni kabla hujamuuliza kwao hawali nini, ulilelewa wapi? Hata mimi fundi bomba akija kuzibua sinki langu namuuliza kwanza, ndipo nawasha moto. Na wewe Tahiry, najua unasoma gazeti hili kwa sababu ya Soazara wa ukurasa wa pili, sikiliza na hapa: umemchumbia mtu bila kumuuliza mwiko wake. Unamuuliza mteja nywila ya simu yake, mke wako mtarajiwa humuulizi chakula chake! Hilo ni kosa lako, na ni la kuombea radhi. Ila uongo si kosa lako, na usiliombee radhi lisilo lako.

Narudi kwako, binti, usipumue bado. Kula ulikula kwa hofu, na hofu tunaisamehe. Baba alipokuuliza hukuwa na sahani mbele yako wala mama mkwe. Alikuwa baba yako, anakuuliza kwa upole, amekuita mwanangu. Ukamtupa kijana. Wale nguruwe walinyamaza kumwokoa babu yenu, wewe umefungua mdomo kumzika mwenzio, halafu unaniandikia habari ya mwiko! Mwiko umeuvunja mara ya pili pale sebuleni, na safari hii hukuwa na njaa.

Unauliza kama anakupenda au hajali. Mtoto, una macho mawili, hata kama moja linacheza. Mtu asiyejali angekwambia, "Haya ni ya kwenu, malizaneni." Huyu alikuuliza kwanza baba yako atakufanya nini. Hakuuliza watu watasema nini juu yake. Aliuliza juu ya mgongo wako, na uliposema hujui, akaweka wake. Wewe ukaona anakaza skrubu ukasema hana hisia. Ulitaka alie? Mkono unaotetemeka haukazi skrubu, lakini mwenye mkono anaweza kuwa anatetemeka kwingine, na wewe hukukaa kutazama, ulikuwa unajililia mwenyewe.

Sasa fikiri mbele kidogo, kama hilo bado linawezekana. Tuseme amepiga magoti, amejiita mwongo. Jumamosi posa inakuja, msemaji wao anasimama na kuanza, kama ilivyo desturi yetu, kwa kuomba radhi ya makosa yote kabla hajataja jina la msichana. Ataomba radhi ya kosa gani? La kusema kweli? Wazee wa kwenu watapokea kwa vicheko, na kuanzia hapo kijana huyo hatakuwa na neno nyumbani kwenu. Akisema mvua inakuja, baba yako atatoka nje kuangalia. Mtoto wenu akikosea, ataambiwa kamrithi baba yake. Na wewe utakaa pale kila sikukuu, unajua, unatafuna kuku wako. Utamwangalia mume wako machoni kwa nguvu zipi? Ndoa ya hivyo mimi siihudhurii hata mkinitumia gari.

Usivunje uchumba. Atakayeachwa kwa haki hapa si yeye. Usiahirishe pia, kuahirisha ni kulea uongo mpaka uote meno. Na yule Rivo najua atawatafuta mrudi redioni mchekwe mara ya pili. Mwambieni Nenibe kasema aende akachekeshe kwao.

Mwambie baba yako. Mwambie wewe, si mama yako, si dada yako, si barua. Atafoka, mwache afoke, usilie mbele yake, maana ukilia atanyamaza na akinyamaza hamtamaliza. Akishafoka, mwombe akunyunyizie maji ya baraka mbele ya mababu, kama wanavyoombwa wazazi tangu zamani na watoto wenye makosa kuliko yako. Hakuna baba anayekataa maji. Hata mwiko uliovunjwa una njia yake ya kusafishwa, lakini mvunjaji lazima ajitaje, hauoshwi kwa niaba. Kisha utakwenda kwa mama Tahiry useme, "Mama, mkono wako ni mtamu, lakini kwetu nguruwe hatuli, nilikuogopa." Akikasirika, mwambie aniandikie mimi.

Jambo la mwisho. Binti wa hapa gazetini alitaka tulifiche jina la Tahiry. Nikamuuliza, utalifichaje, na mji mzima una sauti yake mfukoni? Lako sijaliandika, hukuniachia. Wala namba ya simu hukuniachia, ungeniachia ningekukaripia faraghani mapema. Sasa ni Ijumaa asubuhi, jioni kijana anakuja na magoti yake, na gazeti hili limeshafika kwenu kama lilivyofika kwa kila mtu. Baba yako yuko kwenye kurasa za mpira, wanaume wote huanzia huko. Atamaliza, atafunua ukurasa huu.

Weka chini hili unalosoma. Ingia sebuleni, mtoe lile lake mkononi, simama mbele yake, sema: "Baba, nilikula mimi. Tahiry alisema kweli." Nenda!